Sare ya Mombasa Iliyopimwa Julai

Nimewahi kuwafanya wanawake ishirini na mmoja wajikune siku tatu mfululizo, wao wakiwa Mombasa na mimi nimekaa zangu Kawangware nakunywa chai. Wa ishirini na mbili hakujikuna. Huyo nilimuunguza. Nawaambia mapema, nyinyi vijana mlioingia kwenye kazi ya cherehani, ili mkisikia watu wa 46, upande wetu huu wa Kawangware, wakiniita fundi mkuu mjue kwamba cheo hicho kina mambo yake.

Niliacha kushona wakati magoti yalipoanza kulia kuliko mashine. Cherehani yangu ya kukanyaga nilimpa binti wa jirani, akaifunga mota siku ileile, na sasa inakimbia hadi natamani kuipigia kelele ipunguze mwendo. Nyinyi mna mota, mna ovaloki ya kupindia kingo, mna wateja wanaowatumia picha ya nguo leo na kuitaka kesho. Sisi tulianza kwa kupima watu kwa kamba yenye mafundo. Sisemi zamani ilikuwa bora, kwa sababu niliwahi kuisahau kamba mfukoni, mke wangu akaanikia nguo, ikavutika, na wiki nzima watu wakavaa suruali za kuburura. Ninachosema ni kwamba hakuna mota itakayokuambia kitambaa kitamfanya nini mtu akishaanza kutoka jasho. Hilo lazima ulijue wewe.

Mimi nilifundishwa na Mama Zena, mama wa Kinubi aliyekuwa na cherehani mbili barazani kwake Kibera. Nilitoka Machakos nikijua kushona vifungo tu, na kwa vifungo hivyo nikajiita fundi. Siku ya kwanza akanipa blauzi niitie mikono. Nikatia mikono miwili ya kushoto. Hakunigombeza. Aliivaa ile blauzi, akazunguka nayo uani mkono mmoja umetazama nyuma, akiwasalimia majirani mlango kwa mlango: "Njooni muone, huyu ndiye fundi wangu mpya." Nilitamani ardhi ipasuke. Tangu siku hiyo mikono ya nguo naipanga mezani na kuitazama mara tatu kabla sijatia uzi kwenye sindano.

Huyo mama ndiye aliyenifundisha kitambaa. Alikuwa akivuta uzi mmoja pembeni, anauwasha kwa kiberiti, ananinusisha. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wa polista hujikunja, ukayeyuka, ukaacha kidonge kigumu kama kichwa cha pini. "Hiki kinachoyeyuka hakipumui," aliniambia. "Ukimvalisha mtu mahali pa joto, jasho lake litarudi ndani, ngozi ifure vipele. Halafu atakuja kukutafuta." Somo lilikuwa rahisi na mimi nikaliharibu hata hivyo. Siku moja niliona uvivu wa kuvuta uzi, nikapeleka kiberiti kwenye pindo lenyewe la gauni la mteja. Mteja alikuwa amelivaa.

Basi baada ya masomo hayo yote, na baada ya miaka mingi ya kibanda changu mwenyewe hapa 46, ndipo akaja Mama Kevo.

Mama Kevo alikuwa mwenyekiti wa chama cha akina mama wa mtaa wetu. Walikuwa wamechanga kwa miaka miwili ili Desemba waende Mombasa, wote ishirini na wawili, na wengi wao hawakuwa wameona bahari isipokuwa kwenye kalenda. Na mnajua chama hakisafiri bila sare. Mwanamke anaweza kusahau sindano za kisukari nyumbani, lakini sare ataikumbuka.

"Fundi, tunataka kung'ara," akaniambia, akibwaga mtumba mzima wa kitambaa juu ya meza yangu. "Watu wa Mombasa wajue tumefika."

Kilikuwa cha rangi ya dhahabu, kinang'aa hadi paka wa jirani akakimbia. Nikavuta uzi, nikauwasha. Ukajikunja, ukaacha kidonge. Nikamwambia, "Mama Kevo, hii ni polista tupu. Kule kuna joto."

"Joto ndilo tunalifuata, fundi. Na uweke bitana, hatutaki ionyeshe ndani. Na mabega yapande juu."

Ningekataa hapo, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini tulikuwa Julai. Mnaijua Julai ya Kawangware, asubuhi mtu anaongea na moshi unatoka mdomoni. Akina mama walikuja kupimwa wamevaa sweta mbili mbili, wakazivua wakitetemeka, wakavaa nguo yangu ya polista yenye bitana ya polista na mikono iliyobana hapa juu ya kiwiko, wakafurahi. "Wueh, inapasha moto vizuri," wakasema. Mmoja alikataa kuivua akaondoka nayo. Nami nikajiona nimeweza. Nguo ya kwenda kuvaliwa Mombasa Desemba niliipima kwa watu wanaotetemeka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kasoro.

Hakuna isipokuwa Rebeka. Rebeka alikuwa na kiduka cha mayai na maziwa kule Riruta Satellite. Ana ualbino, na ngozi yake na jua hawaongei. Kofia yake pana ilijulikana mtaa mzima, na hata siku ya mawingu alitembea upande wa kivuli. Alingoja wenzake watoke, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Fundi, yangu uiwachie mikono mirefu, mpaka hapa kwa kiganja. Na shingo ipande. Na kama unaweza, isiwe hiki kitambaa, nitafutie pamba. Hawa wengine wakichomeka kidogo watapoa. Mimi sitapoa hivyo."

Nikamwambia, "Rebeka, usijali, nimeandika." Na kweli niliandika, kwenye ukuta, kwa chaki.

Mama Kevo akaiona chaki. Hakuwa na nia mbaya, naomba mlielewe hilo. Alisema, "Sare ni sare. Ukimshonea yake tofauti atajiona tumemtenga. Mshonee kama sisi, nitambebea mwavuli." Hiyo ilikuwa sababu yake. Yangu ilikuwa ya aibu zaidi. Nilikuwa nimeshatandaza vipande ishirini na viwili kimoja juu ya kingine, nimevibana kwa pini, nimenoa mkasi mkubwa. Kukata cha Rebeka peke yake kungenila nusu siku. Nikafuta chaki kwa kiwiko, nikakata vyote kwa mkupuo mmoja. Alipokuja kuchukua nguo yake aliitazama mikono mifupi, akanitazama mimi, akasema asante. Nikajifanya natafuta bobini ya uzi chini ya meza.

Desemba wakaondoka, Alhamisi alfajiri, wanang'aa kama masinia. Ijumaa saa tano asubuhi simu yangu ikaanza kulia.

Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa sauti. "Fundi, aki hii nguo umeweka nini ndani? Tunajikuna kama kuku!" Wa pili vilevile, ila kwa Kikamba, na ule siwezi kuutafsiri hapa. Halafu zikaanza picha. Kila mmoja aliona heri anionyeshe mwenyewe. Mama Mwende, mke wangu, aliingia na chai akakuta kwenye simu yangu mgongo wa mwanamke. Akatazama. Ukaingia mwingine. Ukaingia wa tatu, huo na kidogo cha kifua.

"Mzee," akaniuliza polepole, "wako wangapi?"

"Ishirini na mmoja mpaka sasa," nikasema, kwa kuwa nilikuwa nahesabu.

Ilinichukua chai mbili kumwelewesha kwamba hiyo ni harara, vile vipele vidogo vyekundu vinavyotoka jasho likikosa njia, na kwamba kila kipele kimekaa pale hasa nilipoweka bitana. Alipoelewa akacheka hadi akakaa chini. Kisha akachukua simu akampigia Mama Kevo yeye mwenyewe, kwa sababu mimi nilikuwa naogopa.

"Vueni hizo nguo zote," akamwambia. "Ogeni maji baridi, msijisugue. Mjipapase na taulo, mvae leso bila kitu ndani, mkae penye upepo. Na msipake mafuta."

Mama Kevo akashusha sauti. "Tushapaka."

"Mafuta gani?"

"Yale mazito. Ilizidi, tukaongeza."

Ndiyo makosa ya watu wa baridi hayo. Huku kwetu ngozi ikisumbua kidogo tu tunaipaka mafuta mpaka ing'ae, na kwa upepo wa Julai inafaa. Kwenye harara mafuta mazito yanaziba hata zile njia chache jasho lilizobakiwa nazo. Ikabidi waoge tena kwa sabuni nyepesi, wayatoe, ndipo mmoja akatumwa duka la dawa. Jioni ikaja picha ya wote kwenye veranda wamepakwa dawa nyeupe ya kutuliza mwasho, mgongo hadi shingo, kama ukuta uliopigwa rangi ya kwanza. Walikuwa wanacheka. Nikajua nitasamehewa, labda kufikia Pasaka.

Nikawahesabu, mazoea ya fundi. Ishirini na mmoja. Nikampigia Mama Kevo.

"Rebeka yuko wapi?"

Mama Kevo hanyamazi. Nimemjua miaka ishirini, hajawahi kunyamaza. Siku hiyo alianza sentensi mara tatu bila kuimaliza.

Ndipo akaniambia. Asubuhi walikuwa wametoka kwenda kupiga picha ya sare ufukweni, saa nne na nusu. Mwavuli Mama Kevo alikuwa ameubeba kweli, ila walipoambiwa watabasamu akauweka chini mara moja tu, na hiyo mara moja ikawa picha ya pamoja, na ya wawili wawili, na ya kuruka juu. Rebeka alikuwa amepaka krimu ya kukinga jua usoni, akadhani mwavuli utatosha mabegani. Kufikia mchana mabega na mikono, kuanzia pale mkono wangu mfupi ulipoishia, vilikuwa vyekundu na vinatoka malengelenge. Nesi wa zahanati alimpa dawa, akamwambia asiguswe tena na jua. Akitaka sana kutoka, atoke jioni jua likishalegea, na ajifunike nguo pana ya kitambaa kizito kisichopitisha mwanga. Wakamfunga leso, mwanga ukapenya, upepo ukaipeperusha. Wakamwazimia buibui, lilikuwa la polista, lilipogusa bega akapiga yowe. Sasa alikuwa chumbani, madirisha yamefungwa, na Jumatatu asubuhi wangeanza safari ya kurudi.

Nikaomba niongee naye.

"Rebeka, pole," nikasema.

"Fundi, nilikuomba mikono," akasema. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Hii bahari naisikia tu kutoka kitandani. Inapiga kelele usiku na mchana. Si mbaya, angalau nimeisikia."

Vijana, nimetukanwa na wateja kwa lugha nyingi za nchi hii. Hakuna tusi lililoniingia kama yale maneno. Miaka miwili alichanga kama wenzake, yai kwa yai, na mimi kwa uvivu wa nusu siku nikamfungia chumbani hatua mia mbili kutoka majini. Sikula chakula cha jioni.

Jumamosi asubuhi nilikuwa Soko la Toi, kwenye mitumba, kabla wauzaji wengine hawajafungua marobota. Nilikuwa natafuta pamba iliyofumwa kwa kubana. Pamba peke yake haitoshi, na hilo mlishike: iko pamba nyepesi ambayo jua linapita ndani yake kama wageni wasiobisha hodi. Dawa ni kukiinua kitambaa juani. Ukiona vidole vyako upande wa pili, jua nalo linaiona ngozi. Tena ukilowanishe ujaribu upya, maana kitambaa kikilowa hupitisha zaidi, na mtu anayekwenda baharini atalowa tu. Nilianza na mashati ya wanaume. Nikainua moja, naona vidole. La pili, naona vidole. La kumi, kijana mwenye meza akachoka.

"Mzee, niaje, kwani unaangalia kama ni feki? Hiyo ni shati, si noti."

"Natafuta isiyopitisha jua."

"Ya nani?"

Nikamweleza. Uso wake ukabadilika. Akanivuta hadi upande wa matandiko akachimba. Shuka tatu zikashindwa mtihani. Kisha akatoa foronya kubwa ya blanketi, ile inayovalishwa blanketi kama mto. Rangi ya samawati iliyoiva, pamba tupu, imefumwa kwa kubana hata maji yalichelewa kuingia. Nikaiinua juani. Giza. Nikailowanisha. Giza. Tatizo lilikuwa moja tu. Ilikuwa ya kitanda cha mtoto, na mwili mzima ilikuwa imejaa dinosau wa kijani, wale mijusi wakubwa wa kale, wengine wamevaa miwani.

"Huna isiyo na hawa?" nikamuuliza.

"Mzee, jua litaangalia dinosau?"

Nikaichukua. Mama Mwende aliifua mara mbili, tukaianika juu ya paa, na kwa jua lile la Desemba ikakauka kabla sijamaliza kuchora. Alisimama akaitazama. "Utampelekea mtu mzima hawa mijusi?"

"Atacheka," nikasema.

"Au atalia."

Nikachukua mkasi. Nikakata peke yake, kipande kimoja, taratibu. Nilikikunja kitambaa katikati nikatoa shingo pale kwenye kunjo, ili mabegani kusiwe na mshono hata mmoja wa kugusa malengelenge. Ubavuni mishono niliigeuza ikatazama nje. Mikono mipana, hewa ipite, lakini mirefu hadi kwenye vifundo vya vidole. Kola ya kusimama hadi chini ya masikio. Kwa mabaki nikatengeneza kofia ya ukingo mpana wa kitambaa maradufu, yenye kamba ya kufunga chini ya kidevu, kwa sababu upepo wa kule hauheshimu mtu. Ile mikono niliipanga mezani nikaitazama, si mara tatu, mara kumi. Jioni kifurushi kikapanda basi, na dereva akaniuliza kuna nini ndani. Nikamwambia dinosau. Akakipokea kwa mikono miwili.

Jumapili nilifungua kibanda baada ya kanisa, kwa kuwa Desemba fundi hapumziki. Saa nne Mama Kevo akasema kifurushi kimefika. Nikamwambia kwamba Rebeka asitoke mpaka saa kumi na moja jioni, apake krimu usoni, mikononi na kwenye nyayo, airudie akilowa, na begani aweke dawa ya nesi tu. Mama Kevo akajibu, "Sawa, daktari," kisha kimya. Saa nane kimya. Saa kumi kimya. Nikashona zipu mbili nikazifumua zote. Nilikuwa namwona akifungua kile kifurushi, akiwaona wale mijusi wenye miwani, akikirudisha mezani na kugeukia ukuta. Ningekuwa nimemfanya kichekesho juu ya kumuunguza.

Saa kumi na mbili na nusu jioni, mteja mmoja amesimama juu ya kiti changu na suruali mpya, naipunguza urefu, simu ikalia. Ujumbe wa sauti, kutoka kwa Rebeka. Nikatoa pini mdomoni nikaufungua.

Mwanzoni ni kelele tu, ile kelele ya maji. Halafu kicheko, cha mtu aliyemwagiwa ghafla na hakutarajia, kikakatika, kikaanza tena. "Fundi, bahari imenifika kiunoni! Ni ya moto! Hakuna mtu alikuwa ameniambia ni ya moto!" Mbali kidogo nikamsikia Mama Kevo akipiga kelele kutoka ufukweni: "Rebeka, toka bwana, gari ya kutupeleka kula inatungoja! Kumeanza giza, tumekusubiri saa nzima!"

Maji yakapiga. Kisha Rebeka akajibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kubwa, haina haraka:

"Nendeni."

Mteja juu ya kiti akaniuliza kama kuna mtu amefariki, maana nilikuwa nalia, mzee mzima, nimeushika mguu wa suruali yake.